Kimya Kingi Ndani ya Injini



Nina swali dogo kabla hatujafika mbali. Pikipiki mbili zimewashwa pale kijiweni. Moja inalia tik-tik-tik-tik, kama cherehani ya fundi nguo aliyeketi kibarazani. Nyingine imetulia, inanguruma kwa upole kama paka aliyeshiba. Una safari ya mlimani na mzigo nyuma. Utapanda ipi?

Wengi watapanda ile iliyotulia. Mimi niliipanda, tena nilitoa fedha nikainunua kabisa, na leo nimekuja kukueleza kilichonipata, pamoja na namna ya kukizuia ukiwa nyumbani kwako, kwa spana mbili tatu na asubuhi moja ya baridi. Wenye gereji wataniwia radhi. Wenye pikipiki za mkataba, naomba msogeze redio karibu.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kichina, cc 125, imetumika miaka mitatu kabla ya kufika kwangu. Muuzaji aliipiga kiki, akaiacha iungurume, akaniambia, "Mzee, sikiliza mwenyewe. Haina hata kelele." Kweli haikuwa nayo. Nikamhesabia fedha yake, nikaondoka nikijiona mjanja.

Wiki ya tatu vikaanza visa. Asubuhi kiki moja haitoshi; zikawa tano, zikawa nane, jasho linanitoka kabla sijafika kazini. Ikishawaka na kupata moto, nikiizima dukani ninunue mkate, haikubali kuwaka tena mpaka ipoe. Nikabadilisha plagi. Nikasafisha kabureta. Rafiki akasema petroli imechakachuliwa kwa mafuta ya taa, nikahama kituo. Hakuna kati yetu aliyeitazama ile sehemu iliyokuwa kimya. Kilichonyamaza nani atakishuku?

Siku ya siku nikapanda Mgeta. Kwa msikilizaji asiyeijua, hiyo ni njia inayoiacha barabara kuu pale Sangasanga, karibu na Mzumbe mkoani Morogoro, ikaingia milima ya Uluguru kona kwa kona hadi kwenye mashamba ya kabichi na karoti. Nyuma nilifunga mfuko wa mbolea wa kilo 50. Nikapanda kwa gia ya tatu, nikashuka ya pili, nikashuka ya kwanza. Bomba la moshi likaanza kupiga chafya, pa! pa! Kisha nguvu ikaisha taratibu, kama mtu anayesinzia katikati ya maneno yake. Nilipojaribu kuiwasha tena, mguu ulizama na kiki hadi chini bila kukinzwa na kitu, utadhani nakanyaga godoro. Anayejua pikipiki amekwisha kuelewa: kompresheni imekwenda.

Fundi niliyempata huko juu alikuwa kijana mdogo, gereji yake gunia moja lililotandikwa chini ya mti. Akafungua silinda hedi, akatoa valvu ya moshi, akaniwekea kiganjani. Ukingo wake ulikuwa umeliwa upande mmoja, kama biskuti iliyotembelewa na panya. Hakuniuliza nimetembea kilomita ngapi wala natumia oili gani. Aliuliza neno moja tu.

"Mzee, nani alikusetia tapeti hizi?"

"Sijui. Nimeinunua hivi hivi."

"Basi aliyeseti alikaza mpaka zikanyamaza. Huyo alikuuzia kimya."

Sentensi hiyo sijaisahau. Tuitazame sasa kwa vyuma vyake.

Juu ya pistoni ya injini hizi kuna milango miwili. Mmoja unaingiza hewa na petroli, mwingine unatoa moshi. Hizo ndizo valvu. Kila valvu ina springi inayoirudisha ifunge, na juu ya mkia wake kuna mkono mdogo wa chuma, roka, unaoikandamiza ifunguke. Valvu ikiwa imefungwa, kati ya mkia wake na roka lazima ubaki mwanya. Mafundi wakisema wanaseti tapeti, wanaupima na kuurekebisha mwanya huo.

Ni mdogo wa kuchekesha. Kwenye Honda CG125 mwanya ni 0.08 mm kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa karibu 0.1 mm. Yaani karatasi unayoandikia barua ya kuomba kazi haipiti hapo.

Nimeitaja CG125 kwa makusudi. Honda waliitoa mwaka 1976, wakiwalenga watu wa nchi kama zetu, watu wa kazi nyingi na matengenezo machache. Badala ya kuweka kamshafti, kile chuma kinachozunguka na kuzifungua valvu, juu ya hedi na kuizungusha kwa cheni, waliirudisha chini karibu na krenki, ikazungushwa kwa gia, halafu wakatumia pushirodi, vile vijiti viwili vya chuma vinavyopanda hadi kwenye roka. Mtindo huo ulikuwa wa kizamani hata siku ulipotoka, lakini ulikuwa mgumu kuua na rahisi kufungua. Wachina wakaunakili, na leo pikipiki chungu nzima zinazobeba mkaa, wanafunzi na wagonjwa katika nchi hii zina injini ya ukoo huo chini ya tangi, jina lolote lile liwe limebandikwa ubavuni. Ya kwangu ilikuwa mojawapo.

Kwa nini mwanya uachwe? Kwa sababu ya moto. Chukua kipande cha chuma cha sentimita 10, ukipandishe joto kwa nyuzi 100 tu. Kitarefuka kwa takriban 0.12 mm. Hapo tayari kimeuzidi mwanya wote tuliotaja, na valvu ya moshi haiishii nyuzi 100; kazi yake ni kuogelea katika moshi wenye joto la mamia ya nyuzi. Hedi nayo hupanuka, silinda hupanuka, pushirodi hurefuka, kila kimoja kwa kiasi chake. Waliounda injini walipiga hesabu ya vyote hivyo, wakaacha nafasi ya kujinyoosha. Ukiila nafasi hiyo, valvu inabaki imefunguka kidogo hata wakati wa kufunga. Kidogo mno. Jicho halioni.

Moto unaona. Valvu ya moshi hupoa pale inapokaa kwenye kiti chake. Ndipo joto lake linapohamia kwenye hedi na kutoka kwa yale mapezi yanayopigwa upepo. Isipokaa vizuri, joto halina pa kutokea, na mwali wenyewe unaanza kupenya kwenye ule upenyo, kama maji kwenye ufa wa kingo za bwawa. Ukingo unaungua, ufa unakua, kompresheni inavuja. Tena kumbuka kasi yake: injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 3,000, yaani mara 50 kwa sekunde moja. Kosa dogo likirudiwa mara 50 kwa sekunde, kutwa, wiki nzima, siwezi tena kuliita dogo.

Na mwanya ukiwa mkubwa kupita kiasi? Roka inagonga mkia wa valvu kwa nguvu, tak-tak-tak, valvu inachelewa kufunguka na kuwahi kufunga, pikipiki inapoteza nguvu kidogo, na vyuma vinavyogongana vinachakaa. Hilo nalo ni kosa. Lakini linapiga kelele. Mtaa mzima unajua una shida, na wewe unapata aibu, unakwenda kwa fundi. Mwanya uliobana hausemi kitu. Tumelelewa na methali isemayo ngoma ikilia sana hupasuka, na nadhani ndiyo maana masikio yetu yanaogopa kinachovuma. Tukaisahau ya pili, ya kimya kingi na mshindo wake mkubwa. Kwenye tapeti mimi niko upande wa methali ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo hata madereva wa miaka mingi huliona la ajabu ukiwaambia: mwanya unaweza kubana wenyewe, bila mkono wa fundi. Kila valvu ikifunga inakipiga kiti chake. Kadiri miezi inavyokwenda, valvu inazama kidogo kidogo ndani ya kiti, mkia wake unasogea juu kuelekea roka, na mwanya unapungua. Kwa hiyo pikipiki iliyokuwa ikitikitika kisha ikazidi kutulia bila sababu usiishangilie, eti "imezoea njia". Ipime.

Nirudi gereji kidogo. Ningependa kumtupia fundi lawama zote, ingekuwa rahisi, lakini haki haitaki. Mteja anafika, anasema, "Fundi, hii inapiga kelele, niondolee." Hasemi "nipimie". Fundi mwaminifu akiweka 0.08 na tik-tik ikabaki, mteja anaona kazi haijafanyika, anakwenda gereji ya jirani, na huko anakaziwa mpaka injini inanyamaza. Anafurahi, analipa, anawasimulia wenzake. Valvu ikiungua baada ya miezi miwili, nani atakumbuka siku ile? Atalaumiwa Mchina.

Halafu kuna vifaa. Kifaa cha kazi hii ni fila, kitita cha majani membamba ya chuma yaliyofungwa pamoja kama kisu cha kukunja, kila jani limechorwa unene wake. Gereji nyingi hazina, au ilikuwepo ikapotea, au imebaki na majani manene tu kwa sababu yale membamba yamekatika. Fundi anatumia wembe. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka, kisha nikatafuta vipimo vyake. Wembe wa kunyolea, ule wa makali mawili, una unene wa takriban 0.1 mm. Kwa mwanya wa 0.08 wembe unakuachia nafasi iliyozidi kidogo, na ikibidi kukosea, heri kukosea upande wa kelele. Kwa hiyo fundi wa wembe simcheki tena. Ninayemwogopa ni yule anayechomeka kipande cha msumeno wa chuma. Hicho kina unene wa karibu 0.6 mm. Kupimia mwanya wa plagi, sawa, kinakaribia. Kwenye tapeti ni balaa tupu.

Wapo pia wazee wanaoishika roka kwa vidole viwili, wakaitikisa, wakasema "hapa sawa", na ukipima kwa fila unakuta sawa kweli. Mikono hiyo ilipatikana kwa miaka thelathini. Mimi yangu ni ya kushika kipaza sauti, nikanunua fila. Ilinigharimu kama sahani mbili za chipsi mayai.

Ila ukiniuliza kinachoziua valvu za bodaboda kuliko wembe na kuliko msumeno, nitakuambia ni kukosa baridi. Kipimo nilichokitaja ni cha injini baridi. Kitabu cha Honda kinataka iwe chini ya nyuzi 35. Sasa fikiria Dar es Salaam saa saba mchana: pikipiki iliyoegeshwa juani, hata haijawashwa, imekwisha kupita hapo. Na pikipiki ya mkataba inapoa saa ngapi? Mchana yuko dereva, usiku yuko deiwaka, na asubuhi mwenye mali anasubiri hesabu yake. Inaletwa gereji ikiwa inachoma vidole, dereva amesimama pembeni anahesabu abiria anaowakosa, na fundi anaseti hivyo hivyo, chuma kikiwa kimejinyoosha kila kimoja kivyake. Kipimo alichoweka hapo hakiko katika kitabu chochote. Tuseme pikipiki hiyo inatembea kilomita 100 kwa siku. Mwezi mmoja ni kilomita 3,000, na vitabu vya pikipiki hizi hutaka tapeti zikaguliwe kila baada ya kilomita elfu chache. Mwenye mali anayedai hesabu siku 30 bila kutoa hata asubuhi moja anajiibia mwenyewe, na deni atalilipa kwa hedi.

Haya, tufanye kazi.

Usiku ilaze. Usiende nayo hata dukani. Alfajiri, kabla ya jua, iweke kwenye stendi kubwa mahali pakavu, usugue kwa brashi na kupangusa kwa kitambaa eneo lote la juu ya hedi. Usilifanyie haraka jambo hili. Mchanga unaoudharau kwa nje, ukifungua kava unaanguka ndani, kwenye roka na oili, na huko unafanya kazi ya msasa. Kama tangi linabana mikono, funga petroli, chomoa mpira wake, litoe.

Toa plagi. Hapo injini haibani tena hewa, utaizungusha kwa vidole. Kisha toa kava ya tapeti. Kwenye injini za ukoo wa CG ni kava moja juu ya hedi, na ukishaitoa unaziona roka zote mbili zimelala pamoja. Nyingi za aina nyingine zina vifuniko viwili vidogo, kimoja upande wa kabureta, kingine upande wa bomba la moshi. Angalia gasketi au oringi ilivyokaa kabla hujaivuta.

Sasa inakuja sehemu inayowashinda wengi. Pistoni lazima iwe juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefunga. Kwenye magneti, upande wa kushoto, kuna alama ya T inayotakiwa kulingana na alama iliyo kwenye kava. Iko pia alama ya F. Hiyo ni ya cheche, iache. Baadhi ya pikipiki zina kizibo cha kuchungulia alama hizo. Yangu haikuwa nacho, nami sikutaka kufungua kava la magneti na kumwaga oili, nikatumia njia ya kijiweni: gia ya mwisho, nikawa nazungusha tairi la nyuma kwa mkono kuelekea mbele, taratibu, na mrija wa soda umezama kwenye tundu la plagi. Pistoni ikipanda, mrija unapanda; ukifika kileleni unatulia kabla ya kushuka. Usitumie njiti ya kiberiti wala kijiti cha mti. Kikikatikia ndani utanikumbuka kwa maneno mabaya.

Tahadhari hapa. Pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko kamili wa kazi ya injini: mara moja ikiwa inabana hewa, mara nyingine ikiwa inasukuma moshi. Unayoitaka ni ile ya kubana. Utaijuaje? Tazama roka ya upande wa kabureta. Ikishuka na kurudi juu, hewa imekwisha kuingia. Pistoni inayopanda baada ya hapo ndiyo yenyewe. Ikifika juu, shika roka moja moja uzitikise. Zote mbili zinapaswa kuwa na mchezo mdogo sana, tik, tik. Moja ikiwa imekaza kabisa, zungusha krenki raundi moja zaidi, ujaribu tena. Ikiwa bado imekaza baada ya hapo, msikilizaji, umempata mwizi wako.

Ingiza jani la fila la 0.08 kati ya mkia wa valvu na ncha ya skrubu ya roka. Lipite kwa kubanwa kidogo, kama unavyochomoa noti uliyoificha ndani ya kitabu kilichofungwa. Likiwa linacheza ovyo, mwanya ni mkubwa. Likigoma, umebana. Asiyeuamini mkono wake ajaribu majani mawili: la 0.07 lipite kirahisi, la 0.10 likatae. Hapo huna haja ya kubishana na hisia.

Ukikuta mwanya hauko sawa, legeza nati ya kufungia nusu raundi, uzungushe skrubu iliyo katikati yake. Zipo za kichwa cha mraba, zipo za bisibisi. Sogeza kidogo mno, robo ya robo ya raundi, ukiwa umeliacha jani la fila mahali pake. Ukiridhika, ishike skrubu isizunguke, ukaze nati. Kosa la kila anayeanza, nami nililifanya mara tatu asubuhi ile ile, ni kuiachia skrubu ikafuatana na nati. Unapima tena, mwanya umekwisha. Unatukana kimya kimya kwa sababu watoto bado wamelala, unalegeza, unaanza upya. Ndivyo ilivyo. Wala usikaze nati kwa nguvu za kufungulia tairi la lori. Ni kauzi kadogo, kakiisha unanunua roka nzima.

Zikiwa sawa zote mbili, zungusha injini raundi mbili kamili, urudi kulekule juu, upime upya. Mafundi wa haraka huiruka hatua hii. Mimi siiruki, kwa kuwa mara mbili imenikuta na kosa.

Rudisha kava na gasketi yake, boliti zikazwe kwa zamu na kwa kiasi, maana hedi ni aluminiamu na nyuzi zake ni dhaifu. Plagi ianze kwa vidole, spana iwe ya mwisho. Rudisha gia nyutro. Piga kiki.

Kuna jambo la wenye pikipiki zenye kamshafti juu, na ndizo nyingi za Kihindi tunazozipanda. Hizo zina cheni ya taimingi ndani, ubavuni mwa silinda. Cheni hiyo ikilegea hulia kwa mkwaruzo, krrr-krrr, hasa unapoachia moto. Sio tapeti. Nimeona watu wakikaza tapeti ili wanyamazishe cheni, na matokeo yake cheni inaendelea kulia na valvu inaanza kuungua; wamenunua ugonjwa wa pili bila kutibu wa kwanza. Hizo pia usizipe 0.08 kwa sababu tu umenisikia mimi. Ziko injini ambazo valvu ya moshi hupewa mwanya mkubwa kuliko ya kuingiza. Kitabu kilichokuja na pikipiki yako kina namba yake, na kama kilipotea, muulize muuza vipuri wa aina hiyo kabla hujashika spana. Na wale wachache wenye pikipiki kubwa za mbio, ambazo hazina skrubu kwenye roka bali visahani vya kubadilisha chini ya kamshafti, hao nawaomba wamwachie fundi mwenye kazi yake.

Yangu ilipata valvu mpya, ikasagwa kwenye kiti mpaka ikashika, na tangu siku ile tapeti naziseti mwenyewe. Inatikitika. Jirani yangu, mtu mwema sana, alinisimamisha getini juzi. "Kaka, pikipiki yako inagonga, huisikii?" Nikamwambia naisikia. Akaniangalia kwa huruma. Yake imetulia kabisa, haitoi hata mlio, na asubuhi tatu mfululizo nimemsikia akipiga kiki nane, tisa, kumi.

Nimemwazima fila. Bado hajaifungua. Nina hakika redio yake iko wazi usiku huu, kwa hiyo namsemesha yeye pamoja na wewe uliye katika hali yake: kesho ni Jumapili. Kama imelala tangu jioni, saa kumi na mbili asubuhi itakuwa baridi. Usiiwashe. Anza kwa kutoa plagi.